Uzito wa Abiria Hautangazwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia, filimbi na mizani. Kofia ilikuwa ya heshima, filimbi ya kufukuzia ng'ombe waliopenda kulala kwenye njia ya ndege, na mizani ya kupimia abiria. Ninyi vijana mnacheka, lakini enzi za Mwingereza ndege zilizotua Arusha zilikuwa ndogo, na rubani hakuondoka mpaka ajue amebeba uzito gani na mzito akae wapi. Kwa hiyo kila abiria, awe bwana shauri wa serikali au askofu, alipanda juu ya mizani ya magunia ya kahawa, mbele ya wenzake wote.

Meneja wa Kituo, Mwingereza aliyetoka jeshini, alinieleza kazi kwa Kiswahili chake cha shambani: "Wewe soma namba, piga kelele, mimi andika. Hapana nong'ona!"

Abiria wa kwanza alikuwa memsabu wa shamba la kahawa kule Usa River, mteja wetu wa kila wiki wa kwenda Nairobi. Alipanda, sindano ikakimbia, ikapita mahali nilipotarajia isimame. Nikafungua kinywa, sauti ikagoma. Kwetu Meru hatuhesabu watoto wa mtu wala ng'ombe wake kwa sauti. Ukifanya hivyo unawaitia balaa. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kuhesabu mbuzi wa jirani tu. Sasa nimhesabu mama mzima, ratili kwa ratili? Nikaandika kwa chaki kiganjani, nikamwonyesha meneja.

"Wewe bubu?" akaniuliza. Kisha akausoma uzito mwenyewe, na nadhani hata ng'ombe walisikia. Memsabu akawa mwekundu kama buni iliyoiva.

Meneja akanipa onyo: nisome kwa sauti au nirudi kuchuma kahawa. Mchumba wangu wa mtaa wa Sakina alikwisha kuwatangazia shoga zake wote kwamba anaolewa na mtu wa ndege, na sikuona kama angemtaka mtu wa kahawa. Hata hivyo ulimi ulikataa. Meneja alipokuwepo alisoma mwenyewe huku akinitukana. Alipokwenda kunywa chai, mimi na chaki yangu tulipima watu kwa amani, nikampelekea rubani hesabu kimya kimya.

Wateja wa kila wiki si wajinga. Haukupita muda wakaijua saa ya chai ya meneja, wakawa wanawasili wote kwa mpigo. Meneja aliposhtuka, akahamishia chai yake pale pale kwenye mizani. Basi wakaanza kwenda Nairobi kwa gari, wakimeza vumbi la Namanga, na viti vyetu vikabaki vitupu.

Kampuni ikamtuma Mkaguzi wa Huduma kutoka Nairobi, bwana mpole mwenye tumbo la kuheshimika, aje awaulize wateja wanapenda nini na wanachukia nini. Kila mmoja akalalamikia chai tuliyowapa abiria: imepoa, ni nyepesi, inanuka moshi. Nani angesema kwamba anaukimbia unene wake? Siri ya mtungi muulize kata, lakini kata hakuulizwa. Meneja akabadilisha majani ya chai, akatandika vitambaa, akaweka na maua. Viti vikaendelea kuwa vitupu. Ndipo akamwambia mkaguzi kwamba kasoro ni mimi na ukaidi wangu, wakakubaliana nifukuzwe mkaguzi akishapanda ndege.

Asubuhi ya safari yake, memsabu wa Usa River naye alikuwepo, maana gari lake lilikuwa limevunjika springi. Meneja, kwa hamu ya kuonyesha utaratibu wake, akamkaribisha mkaguzi kwenye mizani. Mbao zikalia.

"Soma!" akaniamuru. "Hii ya mwisho!"

Nikamkumbuka mchumba wangu. Nikafungua kinywa, nikakifunga, nikaandika kiganjani. Meneja akanikamata mkono, akautazama, akatangaza.

Mkaguzi akaganda pale juu. Memsabu akacheka mpaka akashikilia meza, kisha akamwambia kwa Kiingereza, ambacho nilikielewa: "Umeona sasa? Chai yenu haina neno."

Mkaguzi akashuka, akanigeukia. "Kwa nini wewe hapana sema?"

"Bwana, kwetu mtu hahesabiwi mbele za watu."

Akalitazama tumbo lake, akamtazama meneja. "Leo na kesho na siku yote," akasema polepole, "huyu pima watu. Wewe pima chai."

Nilioa. Nikapanda hadi karani wa tiketi, kisha mkuu wa zamu, nikastaafu na kurudi kwenye migomba yangu mlimani. Msafiri wa kila mara anapenda kiti laini, chai ya moto, na kuambiwa ukweli ndege ikichelewa. Lakini kwanza hataki kuaibishwa, na hilo hatakuambia hata ukimuuliza.

Juzi binti yangu alinikatia tiketi ya ndege. Pale mapokezi waliweka begi langu la ndizi juu ya mizani, na tarakimu nyekundu zikawaka kila mtu azione. Nikavua kofia, nikazifunika.

"Shikamoo babu," akasema msichana wa kaunta. "Kofia tafadhali, sioni."

"Marahaba mwanangu. Chungulia."

Akainua ukingo, akachungulia, akaandika bila neno. Nyuma yangu mama mmoja mwenye masanduku makubwa akanigusa bega, akaninong'oneza: "Mzee, hiyo kofia unaazimisha?"