Anwani Moja kwa Mota Mbili

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapomwona kijana akiitikia kwa kichwa jambo ambalo macho yake yanalikana. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi, nimeajiriwa katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa kando ya ziwa, Mwanza. Nilijiona nimefika.

Kiwanda kilikuwa kimeleta draivu mpya, vile visanduku vinavyoiamuru mota iende kasi, iende polepole au isimame. Zile za zamani tuliziendesha kwa vitufe. Hizi zilipokea amri kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao. Mtaalamu alikuja kutoka Dar kuzifunga, akatumwagia maneno siku mbili nzima: anwani, barakoa ya mtandao, lango. Alipomaliza, fundi wetu mkuu, Mzee Rwegasira, mtu wa Bukoba asiyejua kupaza sauti, alinigeukia.

"Kabula, umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Sikuelewa hata nusu. Lakini nilikuwa msichana pekee kwenye karakana, nikaogopa kuchekwa. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nilijifunika gubigubi.

Wiki chache baadaye Mzee Rwegasira alivuka ziwa kwenda Nansio kwenye msiba. Huku nyuma draivu ya mkanda wa kusafirishia samaki ikaungua. Nikafunga mpya. Ilipofika kwenye mipangilio, nilifungua draivu jirani, ile ya mashine ya barafu, nikanakili kila kitu kama kilivyo, hata anwani. Mkanda ukazunguka. Nikapongezwa, nikatabasamu.

Baada ya chai, mkanda ukiwa umesimama, Mama Shija, mmoja wa wafanyakazi wa mkanda ule, aliingiza mkono kutoa ngozi ya samaki iliyonasa. Upande wa pili mtu akaagiza barafu. Amri ikaenda kwenye anwani ile, na aliyeipokea akawa mkanda. Nilisikia yowe. Mwenzake alivuta kamba ya dharura. Glovu ikabaki ndani, mkono ukatoka na kucha mbili pungufu.

Kucha zingeota. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Msimamizi alisema Mama Shija ameingiza mkono kwenye mashine inayotembea, kwa hiyo aende nyumbani kusubiri barua ya kufukuzwa. Mama yule mjane, mwenye watoto wanne, aliondoka akilia, mkono umefungwa bandeji. Nami nilikuwa nimekwisha kuziangalia zile draivu, nimeziona tarakimu zilizofanana. Nikanyamaza siku mbili.

Mzee aliporudi nilimwamkia. "Shikamoo, mzee." Kabla hajaitikia nikaanza kulia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kipande cha boksi la samaki na kalamu.

"Marahaba, binti. Kaa. Kule mtaani Pasiansi, nyumba mbili zikiwa na namba moja, barua yako itafika kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayeonekana kwanza."

"Basi hiyo ndiyo anwani. Kila draivu iwe na yake. Barakoa inakwambia nani mnakaa naye mtaa mmoja. Lango ni njia ya kutokea mtaani kwenda mbali." Akaweka kalamu chini. "Kutolijua neno si aibu, Kabula. Ungeniuliza siku ile, ningekujibu kwa dakika tano. Na mimi nina kosa: nilikuuliza mbele za watu, na nilikuwa sijafundisha kwamba mkanda unaosafishwa swichi yake ifungwe kufuli. Twende kwa meneja, wote wawili."

Tulikwenda. Nilisema yote mwenyewe. Nilipewa barua ya onyo, na Mama Shija akarudishwa kazini.

Jumapili nilimfuata kwake Igoma kumwomba radhi. Nilitegemea matusi. Alinisukumia sahani ya ugali na sato kwa mkono ule mzima, akasema, "Kula kwanza, umekonda. Halafu uniambie, hiyo anwani iliyotaka kunila vidole ni kitu gani?"

Nikamweleza, polepole, kama mzee alivyonieleza. Akauliza tena, nikarudia. Hakuona haya kuuliza mara tatu, mama yule ambaye hakumaliza darasa la nne. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba elimu yangu ilikuwa imepungukiwa kitu alichokuwa nacho yeye.

Sasa sikia, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuitikia "ndiyo" usiyoijua maana yake, kwa sababu mwisho wa waya ule kuna mkono wa mtu. Usinakili kazi usiyoweza kuieleza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Na ukiwa mkubwa, akija kwako kijana asiyejua, mjibu kwa upole, ili asiogope kurudi.

Mungu ailinde mikono yako na ya wote watakaofanya kazi karibu nawe. Akupe walimu wavumilivu, na akupe moyo mwepesi wa kusema "sijui, nifundishe."