Maombi ya Fundi Pindo kwa Shemeji Yake

Fundi Pindo alikuwa na macho mawili ya kuonea na la tatu la kupimia, na hilo la tatu ndilo lililomnyima raha maishani. Ukimsalimia tu, keshajua kwamba bega lako la kushoto limeshuka na kwamba suruali yako ilikatwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda msibani. Jina la Pindo alipewa na wateja. Umpelekee gauni la kupunguza, shati la kugeuza kola au pazia lililoraruka, jibu lake lilikuwa moja: "Tutalipiga pindo." Alipofika umri ambao watu huanza kulalamikia magoti, yeye akatangaza kwamba ameitwa kuwa mchungaji. Jirani yake muuza misumari akamwambia, "Fundi, una hakika umeitwa wewe? Isije ikawa ameitwa mtu aliyesimama nyuma yako."

Pindo hakucheka. Akajiandikisha chuo cha theolojia. Asubuhi alikuwa darasani, mchana yuko kwenye cherehani barazani pa duka la misumari, daftari la Kiyunani limefichwa kati ya vitambaa vya watu.

Mwaka wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita kwa kuchechemea. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho, ulisimama mbele yake kama mlango uliokomewa kwa ndani, maana cherehani moja haiwezi kulisha pacha wawili, kumtunza mama mkwe mgonjwa na bado ikalipa ada. Bila ufadhili Pindo angebaki mtu aliyekaribia kuwa mchungaji, na hakuna kanisa linaloajiri watu waliokaribia.

Lakini ada ilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, aliitwa Sauti, kwa sababu akiimba besi vioo vya kanisa vilitetemeka na akina mama wazima wakaanza kutafuta leso. Pindo ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake. Pindo ndiye aliyemshika mkono akampeleka chuoni, akamwonyesha maktaba, choo, na mwalimu asiyependa maswali. Mwezi haukuisha, chuo kizima kikawa kinamwita Pindo "shemeji yake Sauti". Siku moja Pindo alimpa shati lake la zamani, ambalo mwilini mwake mwenyewe lilining'inia kama gunia juu ya mwiko. Sauti akalivaa, likamkaa kana kwamba lilikatiwa yeye tangu pamba ikiwa shambani. Pindo akalitazama kwa lile jicho la tatu, mate yakawa machungu mdomoni. Kitambaa nimenunua mimi, nikakata mimi, nikashona mimi, halafu linampenda yeye.

Hata kwenye chakula hakupata amani. Mkewe, Mama Pacha, aligawa kwa haki kama hakimu, lakini Pindo angeweza kuapa kwamba kipande cha Sauti kilikuwa na nyama nyingi na mfupa mdogo.

"Unatafuta nini kwenye sahani ya mwenzio?"

"Naangalia ukubwa wa neema."

"Kula, Baba Pacha. Kijicho hakishibishi."

Sasa, pale chuoni palikuwa na mfuko wa kusomesha wachungaji. Ulitoa nafasi moja kila mwaka: ada yote mpaka kuhitimu, pamoja na chumba cha bweni ambamo mfadhiliwa alilazimika kuhamia. Pindo alikuwa ameshakiota chumba hicho. Kitanda kimoja, mlango unaofungwa, na hakuna pacha wa kurukia tumbo lake alfajiri. Mfuko wenyewe ulianzishwa na mjane wa mchungaji, mama ambaye hakuziamini kabisa barua za sifa. Alisema barua ya sifa hata mbuzi ataipata, mradi awe na mjomba ofisini. Kwa hiyo akaweka utaratibu wake. Waombaji wakichujwa mpaka wakabaki wawili, wataitwa pamoja mbele ya bodi, na kila mmoja atamwombea mwenzake kwa Mungu, kwa sauti, wote wakisikia. "Msikilize mtu akimwombea anayegombea naye," alikuwa akisema yule mjane, "utajua kama ni mchungaji au ni mbwamwitu aliyeazima joho."

Mwaka huo wakabaki wawili, Pindo na Sauti.

"Shem," Sauti alisema jioni ya kuamkia siku ya bodi, akinawa mikono, "kesho uniombee vizuri bwana. Usije ukanipiga pindo."

Pacha wakacheka. Mama Pacha akacheka. Hata mama mkwe, aliyelala chumba cha pili, upande mmoja wa mwili umekufa tangu apooze, alisikika akikoroma kicheko chake. Pindo alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alikuwa keshakata kitambaa.

Maana Pindo hakukosa maombi ya mtaa kila Alhamisi, na huko alikuwa amejifunza kitu. Jambo ambalo ukilisema barazani utaitwa msengenyaji, ukilisema umefumba macho unaitwa mwombaji. "Tumkumbuke dada yetu wa geti jekundu, Bwana, wewe unajua mumewe anarudi saa ngapi." Watu wataitikia kwa uchungu, na kabla viatu havijavaliwa mtaa mzima umeshajua mume wa geti jekundu anarudi saa ngapi. Na uzuri wa maombi ni kwamba hayahojiwi. Tangu azaliwe, Pindo hakuwahi kuona mtu akiulizwa swali baada ya Amina.

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani, pindo lake limefumuka upande wa dirishani. Pindo aliliona hilo kabla hajawaona watu. Watu wenyewe walikuwa watatu: mkuu wa chuo, mhasibu wa mfuko aliyekuwa akipigana na mafua, na mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni.

Sauti alianza. "Baba, huyu alinipokea kwake wakati sina pa kwenda. Anasoma kuliko mimi, na anaelewa kuliko mimi. Umebaki mwaka mmoja tu, Baba. Usimwache njiani. Amina."

Basi. Ndiyo yamekwisha. Sauti yote ile, maneno ni hayo? Pindo akataka kuyadharau, akashindwa, na akamwonea wivu hata kwa hilo, jinsi yalivyotoka mazima bila mshono.

Zamu yake ikafika. Akasimama, akafumba macho, akaacha kimya kidogo kama anavyofanya mtu aliyebeba mzigo.

"Baba mwenye rehema, twakushukuru kwa ajili ya kijana huyu, pamoja na udhaifu wake mwingi. Unamwona, Bwana, anavyosinzia kipindi cha historia ya kanisa mpaka kichwa kinagonga meza. Mhurumie. Unamwona anavyotoroka kila siku saa nne bila ruhusa ya mtu, na huko anakokwenda ni wewe ukujuaye. Mrejeshe. Na kile kitabu cha Kiyunani alichonunuliwa na kanisa lake, Bwana, akakiuza. Aliyeuza na aliyenunua, uwasamehe wote. Simshtaki, Bwana. Nalia tu." Na kweli machozi yakaja, kwa urahisi kuliko alivyotarajia. "Amina."

Alipofumbua macho, mkuu wa chuo alikuwa anaandika, ndita zimejipanga usoni. Imeshakwisha hiyo, Pindo akajiambia, akageukia mlango.

"Kaa kwanza, Fundi," mwenyekiti alisema. "Umeombea mambo mazito. Saa nne anatorokea wapi?"

Pindo akahisi kama sindano imekatikia ndani ya kitambaa. "Hilo nimemwachia Mungu, mama."

"Mungu anajua. Sisi ndio hatujui."

Angeweza kudanganya. Lakini Sauti alikuwa ameketi pale pale, na ile Amina ilikuwa haijapoa mdomoni.

"Huwa anakwenda nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kumlisha mama yake. Amepooza. Dada yake anakuwa sokoni saa hizo."

"Na kitabu?"

"Alinunua godoro. Lile la zamani lilikuwa linamtoa mama vidonda vya mgongo."

Mhasibu aliacha kupenga kamasi.

"Na huko kusinzia?"

"Mama anatakiwa kugeuzwa usiku, mara kwa mara. Yeye ndiye anayemgeuza."

"Huyo mama anaishi kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe usiku unafanya nini, Fundi?"

Pindo alikitazama kitambaa cha kijani, pale pindo lilipofumuka. "Mimi huwa nalala, mama. Lakini namsikia akiamka."

Mkuu wa chuo alikuwa anakata kwa kalamu yale aliyoyaandika. "Mbona hukuwahi kutuambia?" akamwuliza Sauti.

"Sikujua kama ni habari, mwalimu. Ni mama yangu."

Nafasi ikaenda kwa Sauti. Mwaka wa tatu wa Pindo ukasogezwa mbele mpaka Mungu, au wateja, watakapofungua mkono.

Sauti alikuja mbio barazani, akamkumbatia mbele ya muuza misumari mpaka futi iliyoning'inia shingoni ikataka kumkaba. "Shem, mimi nisingeweza kujisemea yale. Sijui nitakulipa nini." Pindo akasema hapana neno, na lile hapana neno lilimkwaruza koo kama pini. Mbaya zaidi, habari zikaenea chuoni kwamba Fundi Pindo ana maombi yanayofungua milango. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kumletea suruali zisizohitaji kupunguzwa, ili wapate nafasi ya kumwomba awakumbuke mwakani.

Mama Pacha hakumkumbatia mtu. Alisubiri pacha watoke kucheza.

"Hebu nieleze, Baba Pacha. Ulimwombea ndugu yangu au ulimshtaki?"

"Yote mawili mtu hufumba macho."

"Baba Pacha."

"Niliitaka ile nafasi. Niliitaka mpaka nikaona nitapasuka. Yeye kila kitu kinamkaa, mke wangu. Hata shati langu."

Mama Pacha akaokota mabaki ya nyuzi kwenye kola ya mumewe. "Basi shukuru kwamba Mungu anajua kutafsiri," akasema. "Halafu ujiandae. Mdogo wangu anahamia bwenini Jumatatu. Mimi sitaweza kukesha halafu alfajiri niwahi sokoni. Mama atageuzwa na nani?"

Hilo Pindo hakuwa amelifikiria. Chumba cha bweni alikiota, kitanda na mlango wake, lakini hakuwahi kukiota kikiwa na mtu mwingine ndani.

Kabla ya kuhama, Sauti akahitaji koti la kuvaa siku ya kupokelewa, na fundi katika ukoo alikuwa mmoja. Pindo alimpima bila kuhitaji futi. Mkasi ukiwa mkononi, shetani akampa wazo: ukibana kwapa kidogo, kidole kimoja tu, siku akiinua mkono kuomba litapasuka mbele ya watu. Akaelekeza mkasi. Mkasi ukakataa. Mkono uliozoea kukata sawasawa haukuijua njia nyingine. Koti likamkaa Sauti kiasi kwamba mhasibu, mafua yamepona, alimwuliza kama limetoka ng'ambo. Pindo alikuwa nyuma ya ukumbi akipiga makofi, lile jicho la tatu likitafuta japo mkunjo mmoja wa kumfariji. Halikuuona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utaishona wewe.

Ikawa sasa ni yeye wa kuamka, kuweka mto, kushika bega na nyonga, kugeuza.

"Mkwe," mama alimwambia kwa ulimi wake mzito, "mikono yako ina baridi kama mkasi."

"Vumilia mama, itapata moto."

"Mwanangu alikuwa akinigeuza anaimba."

"Mimi siimbi, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

Hata gizani, hata kwa mgonjwa, Sauti alikuwa ametangulia kufika.

Mchana usingizi ukaanza kumdai. Alisinzia mguu ukiwa kwenye pedali, akaja kushtuka amepachika mkono wa shati pale inapokaa kola. Muuza misumari akaliinua shati lile juu watu waone. "Fundi, mteja wako huyu kichwa chake kiko begani?" Mwenye shati hakucheka. Mteja wa pili akachukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa, akasema atarudi, na hakurudi.

Alhamisi ikafika, Pindo akaenda maombi ya mtaa, akaketi mahali pake pa siku zote karibu na mlango. Yule dada wa geti jekundu ndiye aliyeongoza siku hiyo. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, kisha akashusha sauti, na watu wakasogea kidogo kama wanavyosogea kwenye jiko.

"Tumkumbuke na fundi wetu, Bwana. Unajua alivyoikosa ile nafasi, na tangu hapo moyo wake umevunjika. Anasinzia mchana kweupe. Nguo za watu anaziharibu. Na usiku, Bwana, hatujui huwa yuko wapi. Hatumshtaki."

"Mrehemu," wengine wakaitikia, kwa utamu.

Pindo hakufumbua macho. Jibu alikuwa nalo, zima, tangu godoro mpaka mto, tangu bega mpaka nyonga. Alilishika tayari kwenye ulimi, akangoja.

Ikasemwa Amina. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, wakimpita kwa upole. Akangoja mpaka jozi ya mwisho ilipochukuliwa. Hakuna aliyeuliza.