Tangi la Muda

Juzi, nesi alipotundika dripu juu ya kitanda cha baba, nilisikia harufu ya petroli. Wodini hapakuwa na petroli. Ni ule mpira mwembamba ulioshuka hadi mkononi mwake ndio ulionirudisha uani kwetu Kanyenye.

Baba alikuwa amenunua boti kuukuu Kigoma, akaileta kwa treni ili aitengeneze na kuirudisha ziwani. Matangi yake ya mafuta yalikuwa yameliwa na kutu. Mchana mmoja, nikiwa mtoto mdogo, alizamisha injini zake mbili kwenye mapipa ya maji ili azijaribu, akaning'iniza dumu la manjano lenye petroli kwenye boriti ya banda na kuchomeka mpira uliozifikia.

"Hilo la nini, baba?"

"Tangi la muda tu, mwanangu."

Nikaelewa kwamba humo ndani mna muda, kama tangi la maji lilivyo na maji. Injini zikakohoa, zikanguruma, moshi ukajaa ua mzima, na baba akacheka kicheko ambacho sikukisikia tena. Kisha zikazimika. Nilipoona dumu ni tupu nikalia, nikamwomba aongeze muda.

"Tutauongeza kesho," alisema, akinifuta machozi.

Injini zile hazikuwaka tena. Kuku walitagia ndani ya boti, na mbao zake tukazipikia.

Nilimuuliza nesi ile dripu ni ya nini.

"Ni ya muda tu, dada. Inamtuliza."

Neno lile sasa nalielewa. Hata hivyo niliyatazama matone mpaka chupa ikabaki tupu, na safari hii sikuwa na wa kumwomba aongeze muda.