Spiriti Iliyofika Amina

Asubuhi ile mimi na mke wangu tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi.

"Baba Naila, minono yote umekula wewe. Mimi umeniachia mizizi."

"Wewe meno huna."

"Ninayo mawili. Yanatosha kukung'ata."

Tukacheka. Akachukua jembe, akaenda kwenye kishamba chetu cha Kongowe. Adhuhuri akarudi anachechemea. Jembe lilimkata mguu, juu ya kidole gumba.

Mke wangu aliitwa Mwanahalima, mtu wa Kisarawe. Alisoma darasa la saba, mimi hata hilo sikufika. Kituo kimoja cha afya hapa Kibaha kilimwajiri kupiga deki. Mtaalamu wao wa maabara, Mzee Melkiori, akaona mkono wake hautetemeki, akamfundisha kupaka rangi vioo vya vipimo. Akapaka miaka ishirini na tatu. Kusoma kwenye hadubini hakuruhusiwa. Hiyo ni kazi ya wenye cheti.

Vidole vyake havikutakata ile rangi ya zambarau. Mwaka mmoja wa uchaguzi karani alimzuia mlangoni. "Bibi, umeshapiga kura wewe." Akamjibu, "Ningepiga kwa vidole vyote kumi, mwanangu?"

Kazi yenyewe alinieleza mpaka nikaishika. Vijidudu bila rangi huvioni vizuri. Unapaka usaha kwenye kioo, ukikauka unaupitisha juu ya moto. Unamwagia zambarau, kisha ayodini ya kuifunga ile zambarau. Halafu spiriti, kidogo tu, unaikatiza kwa maji. Hapo ndipo wanapoachana. Wenye ukuta mnene wanabaki na zambarau yao, wenye ukuta mwembamba inawatoka. Mwisho unamwagia nyekundu, na wale waliovuliwa wanaivaa hiyo. Daktari akiambiwa zambarau au wekundu, anajua aanzie dawa gani.

"Spiriti ni kama kufua khanga mpya," alikuwa akisema. "Ukizidisha, hata rangi nzuri inatoka."

Saa ya maabara ilikufa, haikuletwa nyingine. Mwanahalima akawa anahesabu spiriti kwa Kulhuwallahu moja, ya haraka. Akaja Stellamaris, binti wa Kikatoliki kutoka bara, ana cheti chake. Mwanahalima akamfundisha hivyohivyo.

"Wewe tumia Baba Yetu. Ukifika 'ufalme wako ufike', mwaga maji."

"Mama, si nitakuwa namkatiza Mungu?"

"Mungu hana haraka. Kioo ndicho chenye haraka."

Mwanahalima akastaafu. Mwaka wa pili wa kukaa nyumbani ndio jembe likamkata. Siku ya tatu mguu ulivimba, homa ikapanda, nikampeleka kituo kilekile. Akalazwa. Usaha aliuchukua Stellamaris kwa mkono wake, akapaka kioo, akasoma. Akaandika wekundu. Daktari akatoa dawa ya wekundu.

Siku mbili, tatu. Mguu ukawa mweusi kupanda juu.

Mwanahalima akamwambia daktari, "Usaha kama huu nimeupaka miaka. Hutoka zambarau, mafungu mafungu. Naomba kioo kirudiwe."

Daktari akamtazama. "Mama, hapa ulikuwa daktari au mpiga deki?"

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye ukingo wa kitanda. Mtu ana koti jeupe, mimi nina jembe. Nikanyamaza.

Siku ya nne ya kulazwa Stellamaris akaja na uji kwenye chupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Spiriti ulifika wapi?"

"Mama, kunywa kwanza uji."

"Kioo changu. Ulifika wapi?"

Yule binti akaweka chupa chini. Machozi yakamtoka. "Nilijua ni usaha wako, mama. Sikuweza kukatiza. Nilisali yote, mpaka amina."

Akatoka mbio, akachukua usaha mwingine, akapaka upya. Zambarau tupu, mafungu mafungu, kama alivyosema mpiga deki. Dawa ikabadilishwa jioni ile. Damu ilishachafuka. Alikaa siku moja na nusu, tukampeleka kwao Kisarawe, tukamzika.

Watu wanasema kazi ya Mungu. Siwabishii. Daktari yule hajaja kutoa pole. Stellamaris anakuja kila Jumapili akitoka kanisani, anafagia uwanja, ananichotea maji. Anasema shikamoo baba. Naitikia marahaba.

Binti yangu Naila huniuliza kama mama yake alimsamehe. Mimi sijui. Najua alichosema, maana nilikuwepo. Stellamaris alirudi na jibu la kioo cha pili, akapiga magoti kando ya kitanda. Mwanahalima akamshika kichwa, akamwambia:

"Sala nilikupa uhesabie, mwanangu. Sikukwambia uniombee."