Bunduki ya Baba na Ndege wa Juu ya Paa

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani Baba aliponunua bunduki. Haikuwa bunduki ya kuwaonyesha watu wanaojua bunduki. Ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja: unatia risasi moja, unapiga, unaikunja katikati, unatoa ganda, unaanza upya. Aliuziwa na mkulima mmoja mzee aliyekuwa akihama, kwa bei rahisi, kisha akahangaika sana na leseni mpaka akaipata. Sababu aliyoitoa ilikuwa fisi. Tuliishi Kitengela upande wa mbugani, kabla ya nyumba za kupangisha kuota kila mahali, na fisi walikuwa wakiingia zizini na kuchukua mbuzi ambao Baba aliwanunua kwa taabu sokoni Bisil.

Lakini ukweli ni kwamba aliipenda. Baba alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha saruji, kazi ya vumbi, makelele na kuamrishwa, na nadhani bunduki ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani kilichomtii. Jumapili baada ya kanisa alitupeleka kwenye korongo kavu nyuma ya shamba, mimi na kaka yangu Kyalo aliyekuwa shule ya sekondari, tukapanga mikebe yenye kutu juu ya mawe. Baba alilaza shavu kwenye kitako, akalenga, na mkebe ukaruka. Alicheka kama mtu aliyesikia habari njema. Kyalo naye aliruhusiwa kupiga, bega likasukumwa nyuma, akajifanya haumii. Kazi yangu ilikuwa kuokota maganda mekundu, yenye joto bado, yakinuka baruti. Mpaka leo nikisikia harufu ile naona Jumapili.

Mama hakuja korongoni hata siku moja. "Kitu cha kuua hakichekewi," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: ndani ya nyumba bunduki ilikaa tupu, imefungiwa kabatini, na risasi zikiwa kwingine.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilikosa. Ng'ombe wa majirani walitembea kama mifupa iliyovikwa ngozi. Asubuhi moja, Baba akiwa ndio kwanza ametoka kazini, macho mekundu, tulisikia kishindo juu ya mabati. Tukatoka nje. Juu ya paa alikuwa amesimama ndege mkubwa mweusi, mwenye mdomo kama jembe na ngozi nyekundu inayoning'inia shingoni. Ni ndege wa kutembea chini, yeye na jamaa zake, wakichokora majani. Waswahili humwita mumbi. Sikuwa nimewahi kumwona juu ya nyumba ya mtu.

Jirani yetu, bibi mmoja Mmaasai tuliyemwita Koko Nasieku, alimwona kabla yetu. Alikuja mbio na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza hakungoja nimwinamishie kichwa anisalimie kwa kunigusa utosini, kama ilivyo desturi yao.

"Baba Kyalo, wacha hiyo ndege," alisema. "Hiyo hapana piga. Ikikalia nyumba, watu wanatoka, nyumba inabaki. Kujeni mlale kwangu, mpaka mwezi mpya."

Baba alitabasamu kwa heshima. "Koko, asante. Lakini mimi ni mtu wa kanisa. Nitahamishwa kwangu na ndege?"

"Si ndege inahamisha. Ni wewe unatoka na miguu yako."

"Baba Kyalo," Mama akasema polepole, "kulala kwa jirani si dhambi."

Nafikiri neno hilo ndilo lililomkaza. Aliingia ndani, akatoka na bunduki, akatia risasi. Hakuna aliyemshika. Mlio ulijaa uwanja mzima, na yule ndege akateleza kwenye mabati, akaanguka karibu na mlango wa jikoni.

Nilisogea kumtazama. Alikuwa na kope. Kope ndefu, nyeusi, zilizopinda, kama za mwanamke aliyejipamba. Baba naye aliziona. Alisimama na bunduki ikielekea chini, na hakucheka.

Koko alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mmekataa kutoka pamoja. Sasa mmoja wenu atatoka peke yake." Akageuka akaenda zake.

Kuanzia kesho yake, wale ndege wengine walianza kuita mbugani alfajiri. Sauti yao ni nzito, kama mtu anayepuliza ndani ya mtungi, na ilikuja na upepo hadi kitandani kwetu. Baba alisema ni ndege tu. Jumapili alisema hivyo hivyo, lakini hakutupeleka korongoni. Mbuzi wawili wakafa kwa njaa ya ukame, kama mbuzi wa kila mtu, na Baba akakaa akiwatazama muda mrefu kuliko mizoga inavyostahili. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ndege yule ni wa mvua, na kwamba Mkamba fulani, yaani baba yetu, ameipiga mvua risasi. Walikuwa hawasimami tena langoni petu kuuliza habari.

Nilimsikia Mama akimwambia, "Twende tu kwa yule bibi. Hata siku chache."

"Nikitoka sasa," Baba akajibu, "nitakuwa nimekubali kwamba kuna kitu."

Hakukubali kwa mdomo. Lakini bunduki ilitoka kabatini ikahamia pembeni mwa kitanda, na siku moja nilipokuwa nikifagia, Mama alinivuta mkono kwa nguvu. "Usiguse hapo. Iko na risasi." Ndipo nilipojua kwamba baba yangu anaogopa. Kwa mtoto, hakuna habari mbaya kuliko hiyo.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, yenye ule ukungu wa Kitengela unaoficha hata kamba ya kuanikia nguo. Baba alikuwa amerudi kutoka zamu, hajalala. Mbuzi wakalia zizini. Nilimwona akichukua bunduki na kutoka pekupeku. Katika ukungu, kando ya zizi, kitu cheusi kilikuwa kimeinama.

Mama alipiga kelele, "Ni Kyalo!" Mlio ulikuja juu ya jina lile.

Kyalo alikuwa ameamka mapema kuwapa mbuzi maji. Mtungi wa plastiki aliobeba ulipokea marisawa mengi, zile punje ndogo za risasi, na maji yakawa yanamwagika kutoka matundu mengi. Mengine yalimwingia mkononi na pajani. Alikuwa ameketi chini, akimtazama Baba kwa mshangao, bila kulia. "Baba," alisema, "ni mimi." Alirudia hivyo hivyo njiani hadi hospitali, kana kwamba bado kulikuwa na muda wa kusikika.

Alipona. Polisi waliichukua bunduki, leseni ikafutwa, na Baba hakuuliza habari zake tena. Lakini Kyalo alipotoka hospitalini hakutaka kurudi nyumbani. Mjomba wetu alikuwa analima vitunguu na nyanya Kimana, na Kyalo akaomba apelekwe huko, mpaka apate nguvu. Alimalizia shule huko. Akaoa huko. Hakulala tena chini ya paa letu.

Siku Kyalo alipoondoka kwenda Kimana, Koko Nasieku alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Mama aliangua kilio. "Koko, umeshinda."

"Mimi sikushindana," Koko akasema, akaketi karibu naye. "Nilitaka mlale kwangu tu."

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, na watu huniuliza kama naamini mambo ya ndege. Huwajibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba siamini ndege alikuwa zizini asubuhi ile. Pale palikuwa na mtu mchovu mwenye hofu ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Koko alikuwa ametupa mahali: mkeka, moto na maziwa, mpaka mwezi mpya. Sisi tulidhani anatutisha. Yeye alikuwa anatukaribisha.

Mvua zilikuja mwaka uliofuata, kwa wakati wake, na majirani wakaanza tena kutusalimia. Baba amezeeka. Juzi juzi, bila kutuambia, alipanda gari hadi Kimana. Kyalo anasema alimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba, kofia mkononi, akiogopa kuingia kabla ya kukaribishwa. Hawakuzungumza habari ya zamani. Kyalo alimpa jembe, wakafungulia vitunguu maji, mfereji baada ya mfereji. Jua liliposhuka Kyalo akamwambia, "Baba, leo utalala hapa."

Na Baba akalala.