Dume Niliyemponda Mnadani Dutwa

Kama unakunywa chai, weka kikombe chini kwanza.

Ng'ombe niliyemsimamia akiuzwa mnadani Dutwa, asubuhi yake nilimkuta uani kwangu Bariadi.

Hakuletwa na mtu. Amesimama pembeni ya beseni la vyombo, na mke wangu anamkuna shingo huku anamsemesha Kisukuma.

Mimi niko mlangoni na kaptula, mswaki mdomoni. Nikameza povu.

Kabla hujasema uchawi, maana hata mimi nilisema, ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Maduhu. Nilikuwa mkaguzi wa pamba kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, sitaitaja. Mkulima anashusha mzigo, mimi nachota pamba kiganjani, nakunja uso, nasema:

"Hii mbichi."

"Hii ina mchanga."

"Hii uliichumia kwenye tope, mzee?"

Nilikuwa na kipaji cha kukosoa. Hata pamba nyeupe pe ningeitafutia doa.

Msimu ulipoisha tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Bosi akaniambia si kwa ubaya, kampuni inapunguza watu. Nikapewa bahasha, nikapewa mkono, nikapewa na fulana ya kampuni. Fulana yenyewe ilimtosha Joyness, binti yangu wa darasa la tatu.

Sasa, enzi za kazi kila asubuhi nilikuwa naweka hela ya matumizi chini ya chupa ya chai. Bahasha ilipoisha, chini ya chupa pakawa peupe.

Nikaitisha kikao. Wajumbe ni mimi na mke wangu, Nyanjige.

"Mama Joyness, hali si unaiona. Mwezi ukiisha wewe na mtoto mnaenda Dutwa kwa mama yako. Mimi nabaki mjini napambana. Nikikaa sawa nawafuata."

"Ukikaa sawa lini?"

"Nikikaa sawa."

"Jirani wa mama yangu aliambiwa hivyohivyo. Mtoto wake sasa ana ndevu."

Yeye akaendelea.

"Kuna fremu inapangishwa karibu na stendi. Nataka niuze maziwa na mtindi. Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Kwa hela gani?"

"Hilo niachie mimi."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mwanamke ambaye hela zote za nyumba nampa mimi, leo ana hela asiyopewa na mimi?

Hakubishana. Akaenda uani kuosha vyombo, akaanza mluzi wake. Nyanjige hawezi kuosha vyombo bila kupiga mluzi, ule wa wachunga ng'ombe, mrefu halafu unakatika mara mbili. Nimemsema sana kwamba mwanamke hapigi mluzi. Anasikiliza, anasema sawa, anapiga.

Mimi nikaanza kuzurura minadani kutafuta kibarua chochote.

Siku moja nikamkuta Salu, mwenye bucha. Namfahamu, boma lake la miba liko nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa anabishania bei ya ng'ombe, nikaingilia bila kuitwa.

"Huyo mbona anakanyaga upande?"

Muuzaji akashusha bei palepale. Salu akanivuta pembeni.

"Maduhu, huo mdomo ni ajira. Njoo uwe dalali wangu. Wewe unaponda, mimi nanunua."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, bila barua wala usaili. Ila hela ilikuwa ya kubahatisha, leo ipo, kesho hakuna. Kwa hiyo safari ya Dutwa kwa mke na mtoto ilibaki palepale.

Sasa njoo kwenye mnada wenyewe.

Nikaona dume mwekundu, baka jeupe puani, nundu imesimama, ngozi inang'aa. Kashikwa na mzee ambaye sijawahi kumwona, jina lake Limbu.

"Mwadila, baba," nikamsalimia Kisukuma.

"Mwadila."

"Bei gani huyu?"

"Laki tisa. Lakini si wangu. Mimi namfugia tu, mwenye mali ni mama mmoja."

Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu ananunua ng'ombe, anampeleka kwa mwingine amtunzie, halafu anakaa kimya. Na wewe huulizi ni wa nani. Ukiuliza sana unaonekana una jicho baya.

Basi sikuuliza. Nikaingia kazini.

"Mzee, huyu dume ana huzuni."

"Huzuni?"

"Mwangalie macho. Na hii nundu imelalia kushoto. Huyo mama alikuwa anamlisha nini, maboksi?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikichekewa ndiyo nanogewa.

"Mwambie ng'ombe hafugwi kwa simu! Kama alikuwa anataka picha ya ng'ombe, angenunua kalenda!"

Mnada mzima hoi. Salu akataja yake, laki saba na nusu. Mzee Limbu akasogea pembeni, akapiga simu, akaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Akarudi amenyong'onyea.

"Anasema basi. Ana shida ya haraka. Leteni hiyo laki saba na nusu."

Salu alinikumbatia mbele za watu. Akanipa elfu ishirini yangu.

Jioni nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Sikusubiri habari za chupa ya chai, nikaiweka elfu ishirini katikati ya ugali na mlenda. Nikasimulia yote. Huzuni, maboksi, kalenda. Joyness akacheka mpaka akapaliwa.

Nyanjige hakucheka.

"Dume wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Ana baka puani?"

"Ee, jeupe. Umejuaje?"

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Hapo nyuma kwa Salu. Anachinjwa keshokutwa."

Akaliacha tonge lake sahanini. Akakusanya vyombo, akaviosha jioni ileile, vyote, mpaka mwiko. Hakuna mluzi. Mimi nikajua amechoka tu.

Asubuhi mluzi ndio ulioniamsha. Nikasikia na miba inavunjika huko nyuma. Nikachukua mswaki, nikatoka, na hapo ndipo uliponikuta mwanzo wa habari hii.

"Nyanjige, huyu ng'ombe amefuata nini hapa?"

"Amenifuata mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama yule mama wa maboksi."

Mswaki ukanidondoka.

Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa anabana chenji ya matumizi. Akanunua ndama aliyefiwa na mama yake, akampeleka kwa mzee Limbu, anayesali na mama mkwe wangu. Kila akienda kumsalimia mama, anapitia kwa ndama, anamnywesha maziwa kwa chupa ya soda, anamwita kwa mluzi. Ile laki tisa ndiyo ilikuwa kodi ya fremu.

Yaani nilikuwa nimeichinja fremu ya mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, nikalipwa elfu ishirini, nikamletea yeye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbuzi wangu wawili wako wapi, Baba Joyness?"

Mbuzi wake niliwauza nikanunua sabufa. Ipo mpaka leo, spika moja inakoroma.

Utani pembeni, iliniuma. Mimi nilikuwa nawasafirisha kwa sababu sina hela. Yeye alikuwa anauza kitu anachokipenda ili tusitengane. Nilimwambia samahani palepale, povu la mswaki bado liko kidevuni.

Mara Salu huyo, kamba mkononi, shati limejaa miba. Nyuma yake mtaa mzima. Akavuta, akasukuma, akabembeleza. Dume hata sikio hakutikisa, yuko na Nyanjige wake.

Bibi Nyamizi, jirani yetu, akashika kiuno.

"Ng'ombe kauzwa Dutwa, karudi mwenyewe kwa dalali? Mimi nyama hiyo siigusi."

"Hata mimi," akadakia mwingine.

"Yaya, yaya, sitaki hata bure!"

Salu akaanza kutoka jasho. Mimi nikaona mwanya.

"Salu ndugu yangu, mimi ni dalali wako, siwezi kukuficha. Watu wote hawa ndio wateja wako. Ukimchinja huyu, utamla peke yako mpaka Pasaka."

Akatazama watu. Akatazama dume.

"Basi nirudishieni hela yangu."

"Yote? Na vile ana huzuni?"

Nyanjige akanikanyaga mguu.

"Tunarudisha yote," akasema. Mzee Limbu alikuwa ameshamtumia kwenye simu. Salu akadai na elfu ishirini yake. Ilibidi nimwombe mke wangu, nikarudisha.

Mwenye fremu tukamwangukia, akakubali kusubiri mnada unaofuata.

Mnada huo nilisimama upande wa pili wa kamba, kwa muuzaji. Watu waliokuwa wakicheka mara ya kwanza wakanisogelea waone nitasema nini.

"Wakulima! Nyama ya nini? Huyu ni ng'ombe wa jembe! Huyu haibiki, ukipiga mluzi anavunja boma anakufuata!"

"Si ulisema ana huzuni?" mtu akapiga kelele.

"Alikuwa amenisikiliza mimi!"

Nyanjige akaenda mbali kabisa, upande wa wauza matikiti. Akapiga mluzi, mrefu, ukakatika mara mbili. Dume akapasua umati mpaka kwake.

Bei ikaanza kupanda yenyewe. Mkulima mmoja wa Nassa akamchukua kwa milioni na laki moja, kwa ajili ya plau. Nyanjige akamfundisha ule mluzi mpaka akauweza. Halafu akajifuta machozi na kanga, na mimi nikajifanya naangalia matikiti.

Mwezi uliisha, na hakuna aliyehamia Dutwa. Fremu ipo, mtindi unaisha kabla ya adhuhuri. Mimi bado ni dalali, ila sasa nasimamia wauzaji. Na hela ya matumizi siku hizi anaiweka Nyanjige chini ya chupa ya chai. Naikuta mimi.

Wiki iliyopita tulikuwa uani, yeye anaosha vyombo, mimi nasuuza. Akaanza mluzi. Nikakumbuka kitu.

"Mama Joyness, ile asubuhi ya dume si ulikuwa hapahapa na beseni?"

"Ndiyo."

"Lakini vyombo si uliviosha jioni yake, mpaka mwiko?"

Hakuniangalia. Akanipa sufuria nisuuze.

"Vilikuwa safi," akasema. "Nilitoka navyo tu, ili mluzi usiulizwe."

Nimekoma. Ukipoteza kazi, ndugu yangu, kaa chini na mwenzako mtaje mlichonacho, na vile mlivyofichana pia. Na siku ukiwa mnadani, kabla hujamponda ng'ombe wa mama usiyemjua, piga simu nyumbani kwanza.