Ndama wa Ng'ombe Mwekundu

Mwalimu Caren wa shule ya hapa kijijini amenisumbua mwezi mzima niandike habari hii. Mimi, na herufi zangu zinazolala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe! Angeiandika yeye. Lakini hakuwapo yalipotokea.

Sikuzaa mtoto wa kiume. Kwa hivyo nilitoa ng'ombe nikamwoa Dolphine, kama desturi yetu Wakuria inavyoturuhusu wanawake, anizalie wajukuu wa nyumba yangu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Hizi herufi ni yeye alinifundisha, huku akinicheka.

Mvua ya El Nino ilipokuja, Kegonga yote ikawa matope na mbu. Kufika Januari 1998, ng'ombe zikaanza kutupa mimba. Magige, daktari wa mifugo, alipita boma kwa boma akisema mbu ndio wanaleta huu ugonjwa kwa ng'ombe, na kutoka kwa ng'ombe unaingia kwa mtu kupitia damu. Tusiguse mimba iliyoharibika, tusichinje mnyama mgonjwa. Nilimwambia nimezalisha ng'ombe tangu mama yake hajaolewa.

Wiki hiyo ng'ombe wangu mwekundu akalemewa. Ndama alikuwa amefia ndani, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Nikamwita Dolphine. Alisimama mlangoni mwa zizi, mtoto mgongoni.

"Mama, Magige alikataza."

"Ng'ombe za mahari yako zilitoka kwa Magige?"

Akamlaza mtoto kwenye nyasi, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta. Ndama alipotoka, damu ilimrukia usoni.

Siku ya nne homa ikamwangusha. Nikasema ni malaria, nikamnunulia dawa dukani. Homa ilipoisha akaanza kuniuliza mbona taa ina doa jeusi katikati. Haikuwa taa. Hospitalini Homa Bay daktari alimwangalia macho, akatuambia ile homa ya ng'ombe imeharibu ndani ya macho na hakuna dawa.

Sasa anaona pembeni tu. Akitaka kuniona lazima ageuze uso, na wageni hudhani amenikasirikia. Mimi pia kuna siku nadhani hivyo.

Hajawahi kunilaumu. Na mimi nimeshindwa kumwambia kosa lilikuwa langu. Nikifungua mdomo namwuliza kama amekula.

Kusoma hawezi tena. Basi wewe uliyeshika karatasi hii, njoo Kegonga umsomee yote, na usiruke yale maneno yangu ya mahari. Mimi nitakuwa shambani.